MGB ya 1971 aliyoacha marehemu baba: niitunze au tuiuze?

Mrithi71

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi gari kwa undani.

Marehemu baba ametuachia MGB ya wazi ya 1971, gari la michezo la Kiingereza: injini ya cc 1798, kabureta mbili za SU, rimu za spoki, gia nne na ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo wa kasi). Ilipaki ikiwa inatembea, haijawahi kupata ajali, lakini sasa ina miaka tisa gereji bila kuwashwa. Paa la turubai limechanika, tairi zimekaa bila upepo, na chini ya madigadi ya mbele, upande unaokaribia mlango, rangi imevimba. Ndani hapajaguswa. Ngozi ya stelingi imelika pale alipokuwa anaishika, na kiti cha dereva kimeshika umbo lake.

Tuko warithi watatu. Dada mkubwa anataka liuzwe tugawane. Mdogo wetu anataka libaki vilevile gereji. Mimi nataka litembee. Fundi aliyeliona ameshauri tulivue lote na kulipiga rangi upya, na gharama aliyotaja inazidi bei ya MGB nzuri ambayo tayari imeshatengenezwa.

Nauliza: nianze kukagua wapi ili nijue kama linafaa kutunzwa? Injini iliyolala miaka tisa inaamshwaje bila kuiua? Na gharama za kila mwaka nizipigieje hesabu? Sitaki kuliuza kwa haraka halafu nijute, wala sitaki kumwaga pesa kwenye kutu.

---

BatiNaMoto

Pole sana kwa msiba, mkuu. Jambo la kwanza: huyo fundi usimpe kianzio. Rangi ni kazi ya mwisho kwenye gari hili, na anayeanza nayo bado hajaangalia chini.

MGB haina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa la kwako halina paa la bati, sehemu kubwa ya mzigo kati ya mbele na nyuma inapita kwenye vizingiti viwili vya chini ya milango. Kila kizingiti ni sanduku: kuna bati la nje unaloliona, bati la kati lililosimama ndani, na bati la ndani linaloshikana na sakafu. Matope yanayorushwa na tairi la mbele hujikusanya nyuma ya madigadi, huingia kwenye sanduku hilo na kukaa humo na unyevu wake. Hapo ulipoona rangi imevimba ndipo penyewe. Kutu ilianzia ndani. Ikishatokeza kwenye rangi, bati la kati huwa limeshaliwa siku nyingi.

Pima hivi. Gari likiwa chini kwenye magurudumu yake, pima kwa rula nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi, juu na chini, uandike. Kisha weka jeki mahali pake chini ya kizingiti, unyanyue upande huo polepole. Ukisikia bati linalia au jeki inazama ndani, shusha hapo hapo, jibu umeshalipata. Likinyanyuka, pima tena. Nafasi ikibadilika kwa milimita kadhaa, au mlango ukagoma kufunguka, kizingiti hakibebi tena hata kama kwa macho kinang'aa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi, uziweke chini ya eksoli, si chini ya bati usiloliamini.

Halafu chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa laini, uipitishe taratibu kwenye vizingiti na sehemu za chini za madigadi zote nne. Isiponata, kuna pati iliyojaziwa mahali pa bati. Angalia pia ncha za kizingiti. Kile cha kiwandani kinaendelea hadi nyuma ya madigadi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo hakiwezi kubadilishwa vizuri bila kukata sehemu za chini za madigadi hayo. Ukiona bati jipya limeishia pale pale madigadi inapoanzia, mtu amefunika uozo kwa kifuniko.

Baada ya hapo inua mazulia. Gusa sakafu yote kwa bisibisi butu, hasa kwenye pembe za mbele. Nyuma ya viti kuna masanduku mawili ya betri, maana gari la mwaka huo lilitoka na betri mbili za volti 6. Asidi na maji huyatoboa. Chini, angalia mahali springi za nyuma zinapofungwa kwa mbele. Mwisho tangi: huoza kuanzia juu, kwenye uso usiouona, kwa sababu uchafu na maji hukaa kati yake na sakafu ya buti.

Sasa uamuzi, na nausema bila kuzunguka. Vizingiti vikiwa vizima, litunze. Mengine yote kwenye gari hili yanafungwa na kufunguliwa kwa spana. Vikiwa vimeoza lakini sakafu na mahali pa springi ni pazima, bado linafaa, ila tenga bajeti ya kuchomelea kabla ya kununua hata balbu. Ikiwa uozo umepanda hadi ukuta unaotenganisha injini na abiria, pamoja na mahali pa springi, hapo unazungumzia bodi nyingine. Bodi mpya zipo, British Motor Heritage wamekuwa wakizitengeneza tangu 1988, lakini jiulize gari la mzee litakuwa limebaki kiasi gani ukishamaliza.

Kwa nini matengenezo kamili yanazidi bei ya gari? MGB zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980. Kwa wingi huo vipuri vinapatikana na si ghali, ila wingi huohuo ndio unaozuia bei ya gari kupanda. Kinachokula pesa ni saa za fundi, na saa za kuchomelea MGB ni zilezile za gari lenye thamani mara kumi.

---

KaburetaMbili

BatiNaMoto kamaliza upande wa bodi. Mimi naongelea injini. Kanuni ni moja: usiweke betri ukapiga stata. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, stata itazivunja.

Toa plagi zote nne. Mimina oili nyepesi kama mililita 10 kwenye kila silinda, acha siku nzima au mbili. Weka gia ya nne, sukuma gari taratibu kwa mkono. Injini ikizunguka hata kidogo, umeshapona nusu. Ikigoma ongeza oili na usubiri. Usilisukume kwa kulirusharusha.

Wakati unasubiri, mwaga petroli yote. Ya miaka tisa imegeuka kuwa kitu kama vanishi kinachonuka vibaya, na ikifika kwenye kabureta inagandisha sindano za kuelea. Fungua vyombo vya kuelea vya SU zote mbili, osha, kagua sindano na viti vyake. Nyanyua pistoni ya kila kabureta kwa kidole uiachie: inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga chini kwa sauti. Isiposhuka, imeshikwa na uchafu au haijakaa katikati ya jeti. Usipige msasa humo ndani hata kidogo, nafasi iliyopo ni ndogo mno. Safisha kwa kitambaa na kiyeyushi, kisha jaza oili ya SAE 20 kwenye damba ya juu (kifaa kinachotuliza mwendo wa pistoni hiyo) hadi kama milimita 13 juu ya mdomo wa bomba la pistoni.

Mipira yote ya petroli badilisha, hata ile inayoonekana mizima. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli. Inalainika, inapasuka, na petroli inadondoka juu ya ekzosi ya moto. Nunua iliyoandikwa SAE J30 R9. Pampu ya petroli ya umeme iliyoko nyuma ikikataa kugonga, mara nyingi ni pointi zake zimeshika oksidi. Zisafishe kwa karatasi ngumu kabla ya kununua pampu mpya.

Oili ya injini mwaga ikiwa baridi, weka 20W-50 ya madini yenye zinki ya kutosha, na filta mpya. Oili za kisasa nyepesi hazina kinga ya kutosha kwa kamshafti na tapeti za aina hii. Plagi zikiwa bado nje, piga stata vipande vya sekunde kumi hadi geji ya oili ionyeshe presha. Ndipo urudishe plagi (mwanya inchi 0.025, yaani milimita 0.64), upange valvu kwa inchi 0.015 injini ikiwa baridi, pointi za distribyuta inchi 0.015, na mfuatano wa waya 1-3-4-2. Ikishapata moto vizuri, geji isome psi 50 hadi 80 ukiwa barabarani na 10 hadi 25 kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga gesi. Ikisoma chini ya hapo mara kwa mara, usiendelee kuendesha ukitumaini itajirekebisha.

Klachi inaweza kuwa imegandana na flaiwili. Ukikanyaga na gia isitoke, usifungue gieboksi kwanza. Pasha injini moto, zima, weka gia ya tatu, kanyaga klachi hadi mwisho kwenye uwanja mpana usio na watu, kisha washa. Gari litaondoka na stata. Kanyaga na kuachia gesi huku klachi iko chini, na mara nyingi inaachia. Hili ni baada ya breki kutengenezwa, tafadhali.

Na breki ni lazima. MGB nyingi za mwaka huo ambazo hazikuwa za soko la Marekani zina mzunguko mmoja tu wa breki: silinda moja ikivuja, zote zimekwenda. Badilisha mipira yote mitatu inayonyumbulika, silinda za magurudumu ya nyuma, sili za kalipa na za masta silinda, na weka mafuta mapya ya breki ya DOT 4. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani. Mguu wako unasukuma mafuta yapite, lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa hadi linatoa moshi.

Jingine linalosahaulika: gieboksi ya gari hili hutumia oili ya injini, 20W-50. Watu huweka oili nzito ya difu, halafu wanalalamika ovadraivu ya Laycock haishiki. Hiyo nzito, EP90, ni ya difu tu.

---

Msumari

Mkuu, sitaki kukukatisha tamaa, ila nina neno kwa upande wa dada yako. Gari lililosimama halibaki kama lilivyo. Anayetaka "lisiguswe" anachagua kulipoteza polepole: sili zinakauka, silinda za breki zinaota kutu, tangi linatoboka, panya wanakula waya. Miaka mingine mitano ya kulifunika turubai na litauzwa kama vipuri. Ama mlitembeze, ama mliuze sasa likiwa na thamani. Njia ya katikati haipo.

---

HesabuKwanza

Msumari, njia ya katikati ipo, ila ina kazi zake. Gari linaweza kulala vizuri likiwa na mafuta mapya ya breki, majimaji mapya ya kupozea injini, tangi tupu au limejaa kabisa, tairi zimejazwa upepo na uzito umebebwa na stendi, betri imetolewa, gereji kavu yenye hewa, na injini inazungushwa kwa mkono kila mwezi. Kulifunika turubai la plastiki kwenye sakafu yenye unyevu siyo kulitunza. Unyevu hunaswa chini yake na kutu hupata nafasi. Hapo nakubaliana nawe kabisa.

Mrithi71, pole sana. Hesabu zako zigawe mafungu mawili na usiyachanganye: gharama ya kulifikisha barabarani mara moja, na gharama ya kuwa nalo kila mwaka. Watu huiogopa ile ya kwanza, halafu inayowachosha ni ya pili.

Ya kila mwaka andika hivi: bima, usajili na ukaguzi wa huko uliko, mahali pa kulaza, oili na filta mara moja kwa mwaka hata kama umetembea kidogo, grisi, na nusu ya gharama ya kubadilisha mafuta ya breki, maana yanabadilishwa kila miaka miwili. Tairi chukua bei ya nne mpya ugawe kwa nane. Gari hili litazeesha tairi kabla ya kuzimaliza meno. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka ilipotengenezwa. Hizo zako za miaka tisa au zaidi zitoe zote hata kama zinaonekana mpya. Rimu za spoki zinahitaji na tyubu, usisahau. Turubai la paa nalo lina umri wake, ligawe vilevile. Jumla ukishaipata, ongeza akiba ya kazi moja kubwa isiyotarajiwa. Usipoiweka, stata au rejeta ikifa gari litasimama tena, na kusimama ndiko kulikolifikisha hapa.

Bima ombeni ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, si ya thamani ya soko. Gari la miaka hamsini na zaidi likiungua, bima ya kawaida itakulipa kama mkweche. Wanahitaji picha za nje, ndani, injini na chini, pamoja na risiti zote. Kwa hiyo usitupe karatasi hata moja ya mzee. Makumbusho ya British Motor Museum ya Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipojengwa, rangi yake ya kwanza na lilikopelekwa, kwa kufuata namba ya chesisi. La kwako linatakiwa kuanza na GHN5.

Kuhusu ndugu zako: thamani ipimwe leo, gari likiwa hivi lilivyo, na mtu asiyetaka kulinunua wala kulitengeneza. Hiyo ndiyo itakayogawanywa kwa tatu. Ukitaka kubaki nalo, walipe sehemu zao kwa bei hiyo, muandikishiane, jina libadilishwe, ndipo uanze kununua vipuri. Ukitengeneza kwanza na kugawana baadaye, pesa yako imeingia kwenye mali ya watu watatu, na hapo ndipo ndugu wanapoacha kusalimiana. Dada yako kutaka fungu lake si kwamba hakumpenda baba.

La mwisho, kuhusu kumbukumbu. Yaliyomo kwenye gari hili ya mzee umeyataja mwenyewe: stelingi na kiti. Hayo hayana gharama kuyatunza. Kinachokugharimu ni vizingiti, breki na tairi, vitu ambavyo hata yeye angevibadilisha. Fundi wako anataka kuvua yote, na akifanya hivyo utalipa pesa nyingi zaidi ili upate gari lisilo na alama yake hata moja. Rangi iliyofifia iache, ngozi iliyolika iache. Ipake mafuta ya ngozi, sponji ya kiti ikiwa imevunjika weka mpya ndani ya kava lilelile.

---

Mrithi71

Wakuu, asanteni mno. Majibu ya vipimo: upande wa kulia nafasi ya mlango haikubadilika na sumaku inanata kote. Kushoto nafasi ya juu imebadilika milimita 4, na sumaku haishiki kwenye theluthi ya mbele ya kizingiti. Sakafu ya kushoto ina tundu la ukubwa wa kiganja mbele. Mahali pa springi ni pazima, masanduku ya betri yana kutu ya juu tu. Injini imezunguka kwa mkono. Dada amekubali tathmini.

Naomba mpangilio wa kazi ya kushoto ili nimsimamie fundi. Na hizo spoki nazijuaje kama zinafaa?

---

BatiNaMoto

Hilo linatengenezeka, na umeliwahi. Kizingiti kimoja na kipande cha sakafu ni kazi inayoeleweka.

Mwambie fundi afuate mpangilio huu. Gari lisimame sawasawa, uzito ukiwa kwenye eksoli mbele na nyuma, lipimwe kwa levo. Kabla ya kukata chochote, achomelee bomba la chuma kuvuka uwazi wa mlango wa kushoto, kutoka kwenye nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na wote wawili mpime nafasi za mlango kabla mlango haujatolewa. Akate sehemu ya chini ya madigadi ya mbele na ile ya nyuma ili ncha za kizingiti zionekane. Atoe bati la nje, kisha la kati, na asiguse la ndani hadi ajue limebaki nini. Aunganishe la ndani na sakafu kwanza, kisha bati la kati. Kabla ya bati la nje kuchomelewa moja kwa moja, lishikwe kwa vibano, bomba likatwe, mlango urudishwe na ufungwe na kufunguliwa. Nafasi isipokuwa sawa, hapo ndipo pa kurekebisha. Baada ya kuchomelea, hakuna tena. Usikubali afanye mlango umelala pembeni "tutaujaribu mwisho".

Ndani ya sanduku kipakwe rangi ya zinki inayochomeleka kabla ya kufungwa, na nta ya majimaji ipuliziwe kupitia matundu kazi ikishapoa. Matundu ya kutolea maji ya chini yaachwe wazi. Kuyaziba kwa rangi ya mpira inayopakwa chini ya gari ni kurudisha maji ndani. Upande wa kulia pulizia nta hiyohiyo leo, usisubiri.

---

KaburetaMbili

Spoki: gonga moja moja kwa bisibisi. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Zikilegea tatu au nne karibu karibu, rimu hiyo iende kwa fundi wa spoki, usiikaze mwenyewe ukaipinda. Cha hatari zaidi ni meno ya habu. Nyanyua gurudumu moja, mtu akanyage breki, wewe shika tairi uizungushe mbele na nyuma. Ikicheza kwa kugonga, meno yamelika. Badilisha habu na rimu pamoja, maana rimu mpya kwenye habu iliyolika huisha upesi. Yakiwa mazima, safisha, paka grisi nyembamba, na hakikisha nati kubwa za pande mbili hazijabadilishana: za kushoto na za kulia hazina uzi mmoja.

Ukiwa hapo, kingpini za mbele (pini ambazo magurudumu hugeukia) zina nipeli tatu kila upande. Zipige grisi magurudumu yakiwa juu hadi uone mpya inatoka, kisha kila kilomita 5,000 hivi. Shokabu za mbele ndizo mkono wa juu wa suspensheni, kwa hiyo zikivuja au zikicheza kwenye ekseli yake, usiseme ni mtikisiko tu. Zitoe zikakarabatiwe kabla gari halijaingia barabarani.